Chambo cha Oksijeni

Kilomita mbili au tatu chini ya Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, kuna maji yasiyo na oksijeni. Yaliteremka huko kama mvua kutoka kingo za Bonde la Ufa, yakapenya kwenye nyufa za miamba ya volkeno, yakapata joto linalopita nyuzi 300 za Selsiasi, na njiani oksijeni yake yote ikaliwa na madini ya chuma na gesi za salfa. Yanapopanda tena kupitia visima, yakiwa mvuke na maji moto, huja na kaboni dayoksaidi kwa wingi, haidrojeni salfaidi kiasi, na haidrojeni na naitrojeni kidogo. Oksijeni haimo.

Jambo hilo lina uzito zaidi kuliko linavyosikika. Mabomba yanayozunguka vilima vya Olkaria, yale yaliyovikwa mabati yang'aayo na kupindwa hapa na pale ili yapate nafasi ya kutanuka, kwa ndani ni chuma cha kawaida tu. Sote tulifundishwa shuleni kwamba maji yakikutana na chuma huja kutu. Kwa hesabu hiyo mabomba yale yangekuwa yameoza zamani. Lakini mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Wa pili ukafuata 1982, wa tatu 1985, na yote mitatu ikaendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 30 ikilishwa mvuke wa visima. Maji peke yake hayana haraka na chuma. Mwenye haraka ni oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji.

Ukikutana na kipande cha bomba la mvuke kilichokatwa na kutupwa kwenye vyuma chakavu, tazama sehemu zake mbili. Kwa nje, palipovuliwa bati, ni wekundu wa udongo unaobaki kwenye vidole. Kwa ndani ni weusi, mgumu, laini kwa kuguswa: utando mwembamba wa chuma na salfa, pamoja na oksaidi nyeusi ya chuma, uliojengwa na mvuke wenyewe na kuukinga ukuta wa bomba miaka yote. Kipande hicho kikinyeshewa kwa wiki chache, weusi huanza kufifia. Wekundu huingia kutoka kwenye makali ya mkato, ukisonga ndani kidogo kidogo.

Gesi inayoujenga utando huo, haidrojeni salfaidi, ndiyo ile ile inayonuka yai viza, ambayo humpokea kila mgeni anayepita lango la mbuga ya Hell's Gate kuelekea kwenye mitambo. Ni gesi ya kuogopwa. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni na kwenye mashimo, na ikizidi kiasi huua uwezo wa pua kuinusa, ndiyo sababu wafanyakazi hubeba vipimo na hawategemei pua. Huko juu, inapokutana na hewa na maji, ni adui wa vyuma na hasa wa nyaya za shaba. Nayasema haya mapema ili ninapoisifu msomaji asidhani nimesahau upande wake wa pili.

Balaa ya mitambo ya mvuke huanza pale hewa inapopata mwanya. Wakati wa kuchimba, kwa mfano, maji ya Ziwa Naivasha husukumwa kisimani ili kupoza kekee na kupandisha vumbi la mawe. Wachimbaji wakifika kwenye miamba yenye nyufa, maji hayo hupotea, kwa hiyo husukuma pia hewa iliyobanwa na povu ili mchanganyiko uwe mwepesi. Hewa hiyo huteremka na oksijeni yake hadi kwenye joto kali, na joto huongeza kasi ya kila kitu. Bomba la kuchimbia ambalo lingedumu visima vingi huanza kutobolewa vishimo. Dawa ya kawaida ni kuongeza kostiki soda ili maji yawe na alkali ya kutosha kupunguza ukali wa kutu. Dawa nyingine, inayojulikana kwa wachimbaji wa mafuta duniani kote, ni kutia kemikali inayoila oksijeni kabla haijaufikia ukuta wa chuma.

Kisima kilichofungwa nacho hakiachwi kipoe kabisa. Hupitishiwa mvuke mdogo kupitia vali nyembamba, mchana na usiku, ili kibaki na joto na gesi zisijikusanye juu. Bomba lililopoa lenye unyevu na hewa ndani huumia zaidi kwa miezi michache ya kupumzika kuliko kwa mwaka mzima wa kazi. Mafundi wa mashine wanalijua hili hata bila kusomea kemia: gari linalosimama huharibika.

Wakenya wengi wanaoendesha mitambo yetu wamepitia Iceland. Programu ya mafunzo ya jotoardhi iliyoanza kazi huko mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa imepokea wanafunzi wengi zaidi kutoka Kenya kuliko kutoka nchi nyingine yoyote. Na huko Iceland, katika mtambo wa Nesjavellir ulioanza kupeleka maji moto jijini Reykjavík mwaka 1990, kuna hila ninayoiona kuwa mojawapo ya kazi nzuri kabisa za uhandisi wa jotoardhi.

Nesjavellir huzalisha umeme na pia hupasha maji baridi yanayosafiri kwa bomba la kilomita 27 hadi mjini, yakaingie kwenye nyumba, shule na mabwawa ya kuogelea. Maji yanayotoka moja kwa moja visimani hayafai kupita kwenye mabomba hayo kwa sababu yamejaa silika inayoganda na kuziba njia. Kwa hiyo huchotwa maji safi ya chini ya ardhi, yenye baridi ya nyuzi 4 hivi, yakapashwa joto. Lakini maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Yakipashwa yakiwa nayo, yatautafuna mji mzima kutoka ndani: mabomba, radieta, mabirika.

Wahandisi wakafanya kazi hiyo kwa hatua mbili. Kwanza maji yaliyopashwa huingizwa kwenye matangi yenye mgandamizo mdogo, yakachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na sehemu kubwa ya oksijeni ikatoka pamoja na mvuke. Hubaki kiasi kidogo sana, na hicho kidogo ndicho kigumu. Hapo ndipo huingizwa mvuke kiduchu kutoka kwenye visima, ukiwa na haidrojeni salfaidi yake. Gesi hiyo hushikana na oksijeni iliyobaki na kuimaliza. Inayosalia huendelea na safari hadi mjini ikiwa mlinzi: hewa ikiingia mahali fulani njiani kupitia pampu au kiungo kilicholegea, itakutana nayo. Ndiyo maana anayeoga Reykjavík hunusa salfa kwa mbali kwenye maji ya moto, na harufu hiyo ni ushahidi kwamba mabomba ya nyumba yake yako salama.

Takataka ya kisima imegeuzwa dawa ya bomba, bila kununua kilo moja ya kemikali.

Wazo lililo nyuma ya hila hiyo ndilo linaloongoza njia zote za kikemia za kuondoa oksijeni, iwe ni kwenye bomba, chupa au gunia. Oksijeni lazima ile kitu. Basi itangulizie kitu cha bei nafuu kinachoshikana nayo upesi kuliko kile unachotaka kukitunza. Ni kutupa chambo ili samaki asile wavu. Chambo kikishakwisha, ulinzi umekwisha, na hapo hakuna ujanja ila kuweka kingine.

Katika boila za viwanda vya maziwa, hoteli na hospitali, chambo kinachotumika sana ni salfaiti ya sodiamu, unga mweupe unaoyeyushwa ndani ya maji ya kulishia boila. Hushika oksijeni ikageuka salfeti, chumvi isiyo na madhara kwa chuma. Hesabu yake ni rahisi: gramu 8 hivi za salfaiti humaliza gramu 1 ya oksijeni. Maji ya Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890, hubeba oksijeni kama thuluthi mbili hadi robo tatu ya gramu kwa kila lita 100, yaani gramu 7 hivi kwa tani moja ya maji, kiasi kidogo kuliko yale ya Mombasa kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwa hiyo tani moja ya maji huhitaji gramu 55 hivi za salfaiti, na mafundi huongeza kidogo ili ibaki akiba. Boila isiyowekewa chochote haimomonyoki sawasawa kama jiwe la kunolea. Hutobolewa vishimo vidogo vyenye kofia ya kutu juu yake. Ukuta mzima unaonekana mzima huku kishimo kimoja kikikaribia upande wa pili.

Vituo vikubwa vya umeme duniani vilitumia haidrazini kwa miaka mingi, kwa sababu gramu moja yake humaliza gramu moja ya oksijeni na mabaki yake ni naitrojeni na maji tu. Lakini haidrazini ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo mahali popote ambapo mvuke unagusa chakula haitakiwi kabisa. Mwenye kiwanda anayeuziwa dawa ya boila ana haki ya kuuliza ni ipi iliyomo ndani ya mtungi, na akae hapo hapo hadi ajibiwe.

Salfaiti ina ndugu jikoni. Mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu zinazolimwa karibu na Naivasha, kama mvinyo karibu wote duniani, hutiwa chumvi ya ukoo huo huo kwa kiasi kidogo ili usigeuke rangi na kuchacha. Maembe na matunda mengine ya kukausha huhifadhiwa rangi yake kwa njia hiyo hiyo. Wenye pumu wajihadhari: baadhi yao hubanwa na kifua wakila vyakula vyenye salfaiti nyingi, na lebo inapaswa kuwaambia.

Hapa Nakuru tuna zao moja ambalo historia yake yote ni ugomvi na hewa, nalo ni pareto. Maua yake meupe hukaushwa, husagwa, na sumu yake ya kuua wadudu hukamuliwa kwa kemikali. Sumu hiyo haidumu. Jua huivunja na oksijeni huivunja, na ndiyo sababu inapendwa, kwani haibaki kwenye chakula wala mtoni. Lakini sifa hiyo hiyo humtesa anayeihifadhi ghalani kabla ya kuiuza. Wakati Kenya ilipokuwa mfalme wa pareto duniani, na Nakuru ikiwa makao ya bodi na kiwanda chake, dondoo lililosafirishwa ng'ambo lilitiwa kemikali ya kuzuia uoksidishaji ili lifike likiwa na nguvu. Chambo tena.

Na pareto hiyo imewahi kukaushwa kwa mvuke wa ardhi wa kwetu. Kule Eburru, kaskazini-magharibi ya Ziwa Naivasha, mlima hutoa mvuke wenyewe kwenye nyufa. Mwaka 1939, kabla ya mtu yeyote kufikiria umeme wa Olkaria, kilijengwa kikaushio kinachotumia mvuke huo kukausha maua ya pareto. Wenyeji waliendelea kukitumia vizazi na vizazi kukaushia mazao, na mvuke uliopoa wakaukinga kwa mabomba ukawa maji ya kunywa, kwa sababu Eburru haina mto. Nadhani hakuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo jotoardhi imemtumikia mkulima kwa muda mrefu namna hiyo, na bado haifahamiki sana nje ya eneo lake la Gilgil.

Tumerudi kwenye njia hiyo kwa mwendo wa kobe. Shamba la maua la Oserian, jirani wa Olkaria, lilikodi kisima kutoka KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na kupasha joto hekta 50 za vivungulio, likitumia pia kaboni dayoksaidi ya kisima kulisha maua. Kule Menengai, karibu na mji wa Nakuru, Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, ilijenga mitambo ya majaribio: kivungulio, mabwawa ya samaki, mtambo wa kuchemshia maziwa, dobi, na kikaushio cha nafaka. Hayo yote ni mazuri. Lakini katika mipango yote hii nimeona tunaongea juu ya kuondoa maji tu. Kukausha ni nusu ya kuhifadhi. Nusu ya pili ni hewa inayobaki ndani ya mfuko baada ya mahindi kukauka, na hiyo tunaiacha.

Chukua gunia la kawaida la kilo 90. Punje za mahindi hazijazi nafasi yote; kati yake hubaki lita 50 hivi za hewa. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo ndani ya gunia kuna lita 10 na nusu za oksijeni, zinazotosha kulea fukusi na dumuzi kwa wiki kadhaa. Sasa chukua unga wa chuma. Gramu moja ya chuma ikigeuka kutu yote hunyonya mililita 300 za oksijeni. Gawanya: gramu 35 za chuma, uzito ambao kiganja hakiuhisi, zinatosha kwenye karatasi kuondoa oksijeni yote ya gunia zima. Kwa vitendo ungeweka mara mbili au tatu ya hizo, maana si unga wote hufanya kazi na hewa huvuja. Hata hivyo tunaongea juu ya gramu mia moja za kitu cha bei rahisi kabisa kati ya metali zote.

Vipakiti vya namna hiyo vipo madukani mwetu, ila havikutengenezwa hapa. Mitsubishi Gas Chemical ya Japani ilianza kuviuza mwaka 1977 kwa jina Ageless, na leo utavikuta ndani ya nyama kavu, njugu, keki na matunda makavu yanayotoka nje, vimeandikwa kwamba haviliwi. Ukipasua kimoja kilichotoka kufunguliwa utaona unga mweusi wa chuma, uliochanganywa na chumvi na mkaa. Chumvi na unyevu kidogo huanzisha kutu. Uweke kwenye sahani. Baada ya dakika chache unga unapata joto la kuhisika kwa mkono, kwa sababu kutu ni moto unaowaka polepole. Kesho yake umegeuka kahawia na kushikana mabonge. Umekwisha kazi.

Wapo watakaosema mkulima ana njia rahisi zaidi, na wana hoja. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la nje, imeenea nchini. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Ndani yake wadudu wenyewe hupumua oksijeni hadi inapungua, wakalegea, wakafa. Hakuna dawa. Naiunga mkono mifuko hiyo bila kusita. Ila kumbuka kwamba hapo chambo ni chakula chako: ili oksijeni iishe, wadudu lazima waishi na kula kwanza. Kwa mahindi ya ugali hasara hiyo ni ndogo. Kwa mbegu za kupanda, kwa maharagwe ya bei, kwa unga, kwa maziwa ya poda au karanga za makadamia ambazo mafuta yake huchacha hata bila mdudu mmoja, hakuna wa kukupumulia. Chuma hufanya kazi hiyo kwa siku chache.

Kuna pia mshumaa. Miradi ya silo za mabati iliyoanza kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2008 na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, iliwafundisha wakulima kuweka mshumaa unaowaka juu ya nafaka kabla ya kufunga kifuniko, ili uteketeze hewa. Ni kemia ya kweli na mtu yeyote anaielewa. Lakini mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 hivi. Fukusi hawafi mpaka ishuke chini ya asilimia 3 au karibu na hapo. Mshumaa unaozimika umetuonyesha kwamba kifuniko kinabana, haujamaliza kazi. Iliyobaki humalizwa na wadudu wenyewe, polepole, ikiwa silo haivuji. Mkulima anayeona mshumaa umezimika akaenda kulala akidhani ghala liko salama amepewa nusu ya habari.

Olkaria ina njia yake tofauti, ambayo ni kusukuma oksijeni nje badala ya kuila. Visima hutoa kaboni dayoksaidi mwaka mzima. Nchi hii ina uzoefu na gesi hiyo: kule Kereita, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Kijabe, kampuni ya Carbacid imekuwa ikiichota ya asili kutoka ardhini kwa miaka mingi, na soda nyingi tunazokunywa zimepata povu lake huko. Gesi ya Olkaria haifai kugusana na chakula kabla ya kutolewa haidrojeni salfaidi. Na kinachoitoa vizuri, kwa njia ya zamani inayotumika kwenye gesi ya samadi hata leo, ni kutu. Gesi ikipitishwa kwenye vipande vya mbao vilivyopakwa oksaidi ya chuma, salfa hushikwa na chuma na gesi hutoka safi. Kutu tunayoipiga vita kwenye bomba inaweza kusafisha gesi ya kuhifadhia mahindi. Kwa nini isifanyike hapo hapo, karibu na kikaushio, wakati KenGen inaongea juu ya bustani ya viwanda kandokando ya visima vyake?

Ninalitaka jambo hili lifanyike, kwa hiyo ni lazima niseme pia mahali linapoua.

Oksijeni ikiondolewa, fangasi na wadudu hukoma. Lakini kuna bakteria wanaofurahia mahali pasipo na hewa, na mmoja wao, anayeitwa Clostridium botulinum, hutengeneza sumu kali kuliko karibu sumu zote zinazojulikana, isiyo na harufu wala ladha ya kumtahadharisha mlaji. Huhitaji unyevu. Kwa hiyo kipakiti cha chuma hakina mahali kwenye samaki mbichi wa Ziwa Naivasha, wala samaki aliyekaushwa nusu, wala nyama laini, wala mboga zilizochemshwa zikafungwa kwenye mfuko. Ni cha vitu vikavu kabisa, vinavyovunjika ukivikunja. Wala mtu asikwangue unga wa chuma kwenye karakana ya jua kali akaumwaga kwenye chakula: una mafuta ya mashine na metali nyingine ndani yake. Kipakiti kinachokaribia chakula ni kazi ya kiwanda, chenye karatasi inayopitisha hewa na isiyopitisha unga, na kinachokaguliwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Na mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumukuvu hayaponi kwa kunyimwa hewa. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wao wakiwa wamekula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu linalotengeneza sumu hiyo huhitaji maji na oksijeni, na kukosa kimojawapo hulisimamisha. Sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki pale pale. Familia zile hazikukosa bidii. Mvua iliwakuta na mavuno, nafasi kavu pekee ilikuwa ndani ya nyumba, na hapakuwa na mtu karibu mwenye joto la bure la kuwakaushia. Sisi wa Bonde la Ufa tunalo hilo joto. Linapanda angani kila siku mbele ya macho yetu, nyuma ya mitambo, na sehemu kubwa ya maji moto hurudishwa ardhini yakiwa bado na joto la kutosha kukausha nafaka.

Mkulima wa huku kwetu, Maiella au Eburru, anayetaka kuanza sasa, bila kungoja bustani ya viwanda wala kipakiti cha Japani, aanze na kipimo cha unyevu. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yanayopita asilimia 13.5 ya unyevu, na hicho ndicho kiwango cha kufungia gunia lisilopitisha hewa. Asiye na mashine achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, atie mahindi yafike robo, aongeze kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, atikise kwa dakika chache na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi tu, kwa hiyo ayaanike tena kidogo, kisha afunge gunia, akamue hewa kwa mikono kabla ya kufunga kila tabaka peke yake, na asilifungue kabla ya mwezi kupita, kwani kila likifunguliwa, lita nyingine za oksijeni huingia.